Nguva Aliyefika Texas

Pwani ya Afrika Mashariki ina nguva wawili. Wa kwanza ni mnyama hasa, mzito na mpole, anayekula majani yaotayo chini ya bahari na kuibuka kuvuta pumzi. Jike ana matiti karibu na kwapa, chini ya mapezi ya mbele, na kwa mbali huweza kudhaniwa mama aliyempakata mwanawe. Wa pili ni wa masimulizi: nusu mwanamke, nusu samaki, huwavutia watu majini wasirudi.

Huyo wa pili ndiye aliyemteka Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Mwaka 2013 alitengeneza video aliyoiita Nguva, ambamo kiumbe wa kike anatoka baharini na kuzurura nchi kavu. Mwaka uliofuata, jijini London, maonyesho yake yalibeba jina Nguva na Nyoka.

Hapo tayari alikuwa na sifa kwa picha za kubandika. Alikata majarida ya mitindo na ya pikipiki, akaunda wanawake wenye viungo vya mashine na ngozi za wanyama. Mara nyingine alibandika nyuso juu ya kurasa za zamani za vitabu vya tiba. Lakini Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu mwaka 2000, alisomea uchongaji, na ni katika uchongaji viumbe wake walipata uzito. Mwaka 2017 nguva wake wa shaba nyeusi, Water Woman, aliketishwa kwenye bustani ya sanaa huko Austin, Texas, kando ya maji.

Kisha ikaja Septemba 2019.

Uso wa Makumbusho ya Metropolitan, New York, uliokamilika mwaka 1902, una vidaka vinne vilivyokusudiwa sanamu. Sanamu hazikuwekwa, na vidaka vikakaa vitupu kwa miaka 117. Mutu alikuwa wa kwanza kupewa nafasi ya kuvijaza. Akaketisha humo wanawake wanne wa shaba nyeusi, miili yao imezungushiwa mikunjo kama kamba nene, na kila mmoja ana kisahani king'aacho kama kioo usoni au kichwani. Wana utulivu wa malkia wa kale, lakini pia wanaonekana kama wageni waliotua kutoka sayari nyingine.

Jambo kubwa ni kwamba wameketi. Wagiriki walichonga wanawake wa mawe wakibeba mapaa ya mahekalu. Waluba wa Kongo walichonga viti vya kichifu vinavyobebwa na mwanamke. Wanawake wa Mutu hawabebi chochote. Mustakabali anaouwaza unaanzia hapo, kwenye shingo iliyotuliwa mzigo.

Mwaka 2021 viumbe wake wengine, akiwemo mwanamke-mamba, walisimikwa San Francisco katika ua mmoja na The Thinker, sanamu ya mchongaji Rodin.

Nguva wa kweli naye anatoweka. Mwaka 2022 wale wa Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia, wakisumbuliwa na nyavu na kuharibika kwa malisho yao. Nguva wa shaba nyeusi anastahili kuletwa Lamu au Mombasa, aketi mbele ya watoto wa wavuvi walioanza kumsimulia.