Batwa wa Kahuzi na ile sheria ya 2022

Wandugu wasomi, tuulizane kidogo. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na Batwa waliokuwa wanaishi mule porini wakafukuzwa bila kupewa udongo mwingine. Toka pale, mtu aliyejua dawa, asali na uwindaji akawa kibarua kwenye shamba la mwenzake. Umaskini wao ulianzia hapo, si uvivu kama watu wanavyosemaka (na sisi tuliosoma tunarudiliaka!). Vyama vyao vilisukuma pamoja miaka mingi, mpaka tarehe 15 Julai 2022 Rais akatia sahihi sheria ya kulinda haki zao. Lakini mtu halimi juu ya karatasi. Kiongozi gani wa Kivu ya Kusini atasimama nao wapate shamba lenye hati?