Magari ya mikanda ya mpira yaliyopita Uele mwaka 1925, na somo lake kwa barabara zetu

Mvua ikianza tu, habari za barabara zinakuwa zilezile. Kamyo moja inazama kati ya Kisangani na Beni, ya pili inakwama nyuma yake, na kufika jioni kuna msururu. Siku chache baadaye bei ya chumvi na mafuta inapanda sokoni. Na kila mara tunasikia dawa ileile: tutafute gari lenye nguvu zaidi, tuliinue, tuongeze resori, tubadilishe gia, halafu litapita.

Fikra hiyo si ya leo. Miaka mia moja iliyopita watu walifika kaskazini mwa inchi yetu na magari yaliyobadilishwa kuanzia chini mpaka juu kwa ajili ya mchanga, matope na mawe. Walipita kweli. Lakini tukiangalia vizuri jinsi walivyopita, tutaona kwamba tunayoyafanya leo katika garaji zetu yanakwenda upande mwingine kabisa.

Tuanze na mtu aliyevumbua mambo hayo. Adolphe Kégresse alizaliwa Héricourt, Ufaransa, mwaka 1879. Akiwa bado kijana alienda kufanya kazi Urusi, na huko akawa fundi mkuu wa magari ya mfalme Nicholas II. Shida ya mfalme ilikuwa theluji: magurudumu yalizama na injini ikabaki inanguruma bure. Kégresse aliondoa magurudumu ya nyuma, akaweka mahali pake mikanda mipana, na mbele akaacha magurudumu ya kukata kona. Baada ya mapinduzi ya 1917 alirudi kwao, lakini kazi yake ilibaki. Gari moja la Rolls-Royce alilotumia Lenin, lililofungwa mikanda ya namna hiyo, limehifadhiwa Urusi mpaka leo.

Kule Ufaransa, kupitia Jacques Hinstin, Kégresse alikutana na André Citroën, mwenye kiwanda cha magari. Citroën aliona biashara mara moja. Tarehe 17 Desemba 1922 magari 5 ya mikanda yalitoka Touggourt, Algeria, na tarehe 7 Januari 1923 yakaingia Timbuktu. Yalikuwa magari ya kwanza kuvuka jangwa la Sahara kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ni nini hasa kilichobadilishwa? Mambo mawili.

La kwanza ni namna gari linavyokaa juu ya ardhi. Gurudumu la kawaida linagusa udongo kwa eneo dogo, karibu kama sahani ya chakula. Uzito wote wa upande ule unapita hapo. Udongo ukiwa laini, sahani inazama. Mkanda wa Kégresse ulitengenezwa kwa mpira na kitambaa kigumu, ukazungushwa juu ya magurudumu mawili makubwa, na katikati kukawa na vigurudumu vidogo vilivyoshikwa na mikono inayocheza. Jiwe likipita chini, kigurudumu kimoja kinapanda, kingine kinashuka, na mkanda unaendelea kulala juu ya ardhi. Uzito uleule uligawanywa juu ya eneo kubwa, basi kila kipande cha udongo kilibeba kidogo tu.

La pili ni namna nguvu inavyotoka kwenye injini. Injini yenyewe ilikuwa ndogo: silinda 4, ya daraja ambalo Wafaransa waliliita farasi 10. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mijini mwetu ni ndogo kuliko hiyo, lakini gari dogo la siku hizi linaishinda kwa urahisi. Kwa hiyo hawakutegemea ukubwa wa injini. Walitegemea gia za polepole: injini inazunguka mara nyingi, mkanda unazunguka kidogo, na nguvu ya kuvuta inaongezeka. Gari lilitambaa, lakini lilivuta hata tela nyuma yake.

Baada ya Sahara, Citroën alitaka bara zima. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari 8 yalitoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Kila gari lilikuwa na jina na alama yake. La Haardt liliitwa Mende wa Dhahabu, mengine Mwezi wa Fedha, Njiwa, Konokono mwenye mabawa. Walipita Niger na Chad, wakashuka Oubangui-Chari, na mwanzoni mwa 1925 wakaingia Kongo ya Wabelgiji. Huku walipita Buta, wakafika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, wakakaa pia kwa Wamangbetu wa Uele. Kutoka Kongo waliendelea Uganda. Kampala walijigawanya makundi manne: moja likaelekea Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Msumbiji, na la nne Cape Town. Mwezi wa Juni 1925 Haardt alikuwa Antananarivo, Madagaska.

Dunia ilikumbuka safari hiyo. Mchoraji Alexandre Iacovleff alichora watu, Léon Poirier akapiga filamu iliyoonyeshwa Paris mwaka 1926. Mwanamke mmoja wa Kimangbetu, Nobosodru, alipigwa picha ya upande, nywele zake zimesukwa na kuinuliwa juu, na sura yake ikajulikana Ulaya nzima. Magari yana majina, viongozi wana majina, hata picha ina jina.

Lakini nani alifungua njia? Katika Kongo ya wakati ule kazi ya barabara ilikuwa ya lazima. Amri ilitoka kwa mkubwa wa eneo, ikafika kwa chifu, na chifu alipaswa kutoa watu. Walitoka na mapanga, mashoka na majembe, wakakata miti, wakajaza mashimo, wakalaza magogo juu ya vijito. Msitu wa ikweta haukushindwa na mkanda wa mpira peke yake. Mkanda unaweza kutambaa juu ya mchanga na matope. Hauwezi kupita katikati ya miti mikubwa iliyosongamana. Mahali ambapo magari yale yalipita msituni, mikono ya watu wa vijiji ilikuwa imetangulia. Majina yao hayakuchorwa kwenye mlango wa gari lolote.

Na mikanda yenyewe haikudumu. Mpira ulikatika kwenye mawe, ikabidi vipuri na mafuta vitangulizwe na kuwekwa akiba njiani. Wamarekani waliichukua fikra ya Kégresse, wakatengeneza magari ya vita ya nusu mikanda yaliyotumika sana katika Vita vya Pili vya Dunia. Lakini vita hivyohivyo vilileta Jeep ya 1941: magurudumu manne ya kawaida, yote yanavutwa na injini, na gia ya polepole ya ziada. Ilikuwa nyepesi, rahisi kutengeneza, na bei yake nafuu. Land Rover ilifuata mwaka 1948, na gari la Toyota lililokuja kuitwa Land Cruiser lilianza mwaka 1951. Hayo ndiyo tuliyoyazoea huku, na mkanda ukabaki kwenye makumbusho.

Sasa turudi katika garaji zetu. Fundi wa kwetu akiletewa kamyo, mara nyingi anaombwa jambo moja: aongeze vipande vya resori nyuma. Gari linainuka, linakuwa gumu, na mwenye gari anafurahi kwa sababu sasa anaweza kupakia tani zaidi. Mafundi wanajua matokeo yake. Resori ngumu haimezi tena mshtuko, basi mshtuko unaenda kwenye chasi na kuipasua. Gari likiinuka, kardani inakaa kwa pembe isiyo yake na maungio yake yanakwisha haraka. Breki zinabaki zilezile wakati mzigo umeongezeka.

Lakini ubaya mkubwa uko chini ya gari. Kégresse alibadilisha gari ili ardhi ibebe kidogo. Sisi tunalibadilisha ili ardhi ibebe zaidi. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba ukizidisha mara mbili uzito wa ekseli moja, uharibifu wa barabara hauzidi mara mbili tu. Unakaribia mara 16. Na zile zilikuwa barabara zenye lami na zege. Je, udongo wetu mwekundu uliolowa utavumilia? Kamyo iliyoongezewa resori inachimba shimo, inayofuata inalipanua, na ya tatu inazama humo. Kisha tunamwambia fundi aongeze resori nyingine.

Wazee wetu walijua dawa mbili ambazo hazitoki garaji. Ya kwanza ni makantonye, wale watu waliopewa kila mmoja kipande chake cha barabara, kazi yao kufungua mitaro maji yatoke kabla hayajalala njiani. Ya pili ni bariere ya mvua: mvua ikinyesha, magari mazito yanasimama saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Madereva wanaichukia, kwa sababu inachelewesha. Lakini saa chache za kusubiri ni nafuu kuliko wiki mbili ndani ya matope, na nafuu kuliko mzigo wa ndizi uliooza.

Tofauti na mwaka 1925, kazi hiyo isiwe ya kulazimishwa. Anayefungua mtaro alipwe, na alipwe kwa wakati, kutokana na pesa za peaje ambazo kila kamyo inatoa njiani. Bariere nayo ifungwe kwa kila mtu, hata kwa kamyo ya mkubwa, kwa sababu ikifunguliwa kwa mmoja usiku, asubuhi shimo ni la wote.