Maji kwenye mtutu wa bunduki: historia ya kulala porini katika nyika ya Kambu

Mnamo Agosti 1851, kando ya mto Tana, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alijikuta peke yake porini. Mwenyeji wake, Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu kutoka Kitui, alikuwa ameuawa katika shambulio la njiani, na watu wa msafara wametawanyika kila mtu na njia yake. Krapf alifika mtoni akiwa hoi kwa kiu, akanywa akashiba. Sasa ayabebe maji kwa chombo gani? Vibuyu vilikuwa vimepotea pamoja na mizigo. Akajaza maji ala ya ngozi ya darubini yake. Akaijaza na mitutu ya bunduki, ambayo haikuwa na kazi nyingine tena, akaiziba kwa nyasi na vitambaa alivyokata kwenye suruali yake.

Maji hayo hayakumfikisha mbali. Aliokolewa na nyani, ambao walikuwa wamefukua shimo katika mchanga wa mto mkavu. Alisikia kelele zao, akaenda, akakuta maji yanachuruzika. Mtoto yeyote wa Ukambani angemwambia mapema kwamba mto ukikauka juu, chini bado una maji, na kwamba hunywi mpaka ufukue, usubiri yajikusanye, ndipo uyachote kwa kata polepole bila kuyatibua.

Kambu iko kusini zaidi, katika barabara kuu ya Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, lakini nyika ni ile ile: migunga, mibuyu, vumbi jekundu, na mito inayopitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Ng'ambo ya mto Athi ni Kitui. Hifadhi za Tsavo ziko karibu, na magharibi ni vilima vya Chyulu. Wanaopenda kupiga kambi siku hizi hubishana kuhusu uzito wa hema, gramu kwa gramu. Nyika hii haijali gramu za hema. Hapa mzigo ni maji, na historia nzima ya kulala porini katika sehemu hizi ni historia ya nani aliyabeba na kwa kichwa cha nani.

Kabla ya reli, Wakamba waliita nchi isiyokaliwa weu, na ndani yake walikuwa na syengo, makambi ya mifugo yaliyokuwa mbali na nyumbani. Vijana walikaa huko na ng'ombe kwa miezi, wakihama malisho yakiisha. Msomi wa Uswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba mwaka 1920, aliyaandika maisha haya kwa kirefu. Kibanda cha porini hakikuhitaji kubebwa. Ulikata fito za mkole kwa sababu zinapinda bila kuvunjika, ukazichomeka ardhini kwa duara, ukaziunganisha juu, ukaezeka nyasi. Zizi na kibanda vilizungushiwa boma la matawi ya mgunga, miiba ikitazama nje. Alichobeba kijana ni upinde na podo, kisu, ngozi ya kulalia, kibuyu cha maji na vijiti vya kupekechea moto.

Kamba nazo zilikuwa zinaota huko huko. Mkonge mwitu umejaa kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Ukiliponda jani lake na kulikwangua, nyuzi zinabaki mkononi. Mbuyu ndio bora zaidi. Gome lake la ndani huchunwa vipande virefu, hupondwa mpaka likalainika, kisha nyuzi husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Ndizo zilizosukiwa kyondo, kikapu ambacho leo watalii hukinunua Nairobi kikiwa na mikanda ya ngozi na bei yake. Ajabu ya mbuyu ni kwamba hauchukii kuchunwa: gome huota tena, na ndiyo maana mibuyu mingi ya Ukambani ina makovu ya mviringo kuanzia usawa wa kifua kushuka chini.

Mambo yalibadilika ilipokuja misafara ya Wazungu. Katika miaka ya 1890 barabara ya Mackinnon, iliyotoka pwani kupitia Tsavo hadi Kibwezi, ikaendelezwa na mhandisi wa kijeshi Sclater kufika Busia. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, na kati ya vitu alivyobeba mlikuwa na hema la bwana, kitanda chake, meza yake, hata beseni la kuogea. Jioni hema la bwana lilisimamishwa kwanza. Kisha wapagazi wakatafuta matawi na nyasi zao wenyewe. Nionavyo mimi, hapo ndipo kambi ilipogawanyika mara mbili. Kulikuwa na kambi iliyobebwa na kambi iliyookotwa, na zote mbili zilitegemea vichwa vya watu wale wale.

Mfano unaonichekesha ni wa Theodore Roosevelt. Aliposhuka Mombasa Aprili 1909, mara tu baada ya kuachia urais wa Marekani, alipanda treni iliyopita nyika hii akiwa ameketi kwenye benchi mbele ya injini, akashuka Kapiti. Huko alikuwa akingojewa na wapagazi wapatao 200. Mmoja wao alibeba vitabu tu: maktaba ya safari iliyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili isiharibiwe na jasho wala damu ya wanyama, ndani ya kasha jepesi la alumini. Kasha lilipimwa lisizidi ratili 60, yaani kama kilo 27, kwa kuwa huo ndio mzigo wa mtu mmoja. Vifaa vyepesi vilikwishavumbuliwa, basi, ila wepesi wake ulipimwa kwa shingo ya mtu mwingine.

Mahema nayo yaliwahi kujaribiwa vibaya kabla ya hapo. Mwaka 1898, wakati daraja la reli likijengwa Tsavo, simba wawili walianza kuwakamata wafanyakazi usiku. Watu walilala katika mahema ndani ya maboma ya miiba, na simba wakapenya. Mhandisi John Henry Patterson alieleza jinsi wafanyakazi walivyobuni malazi mapya: wengine walifunga vitanda juu ya miti, wengine wakapanda juu ya matangi ya maji, na wengine wakachimba mashimo ndani ya mahema yao na kuyafunika kwa magogo mazito. Mti mmoja ulielemewa na watu ukaanguka. Simba hao waliuawa Desemba mwaka huo. Idadi ya watu waliowala inabishaniwa mpaka leo, na wao wenyewe wamo katika makumbusho ya Field, Chicago.

Usidhani nyumba nzito ingesaidia. Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ambayo leo iko Makueni, ofisa wa polisi wa reli Charles Ryall alilala ndani ya behewa akivizia simba. Simba aliingia kwa mlango wa behewa akamchukua yeye. Boma la mgunga lililofungwa vizuri na kukaguliwa kila jioni lina maana zaidi kuliko ukuta wa mbao wenye mlango wazi.

Kisa cha ubunifu kinachopendwa zaidi na wapanda milima kilitokea mbali na Kambu, ingawa kilifungwa kwa mkonge, zao ambalo Kibwezi inalijua vizuri. Januari 24, 1943, wafungwa watatu wa vita Waitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Nanyuki ili kupanda Mlima Kenya. Kamba zao zilitoka kwenye nyuzi za mkonge za vitanda vya kambini. Vyuma vya kukanyagia barafu walivifua kwa mabaki ya magari, na shoka za barafu zilianza maisha yake kama nyundo. Mchoro wa mlima waliutoa kwenye lebo ya kopo la nyama. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, wakaacha bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, wakatumikia saba, maana mkuu wa kambi alivutiwa na ujasiri wao.

Wanaolala porini karibu na Kambu leo hawaandikwi vitabu. Ni wachungaji na warina asali. Mavazi ya miguuni ni akala zilizokatwa kwenye tairi la gari, maana mwiba wa mgunga hutoboa soli ya raba kana kwamba ni karatasi. Paa ni turubai au magunia ya nailoni yaliyoshonwa pamoja. Fito bado ni za mkole, ila sasa hufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, unaovutika na usiooza kwa mvua. Kibuyu kimepokewa na mtungi wa plastiki wa lita 20. Punda hubeba minne, miwili kila ubavu, yaani kilo 80 za maji: karibu mizigo mitatu ya mpagazi wa zamani, na punda hachukui chochote kwa ajili ya meza ya bwana.

Anayetaka kulala Chyulu, hifadhi ya taifa tangu 1983, atahitaji hesabu hiyo hiyo. Vilima hivyo ni vya volkano. Mvua ikinyesha huzama moja kwa moja ndani ya mawe, ikaja kutokea chini kwenye chemchemi kama Mzima, ambayo bomba lake hunywesha Mombasa. Juu kule hakuna mto hata mmoja. Watu wawili kwa siku tatu, lita tano kila mmoja kwa siku, ni lita 30. Huo ni mzigo kamili wa mpagazi kabla hujaweka hema wala unga.

Wala usifikirie kupanda na katoni ya chupa za maji za dukani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, na kuanzia Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi katika hifadhi za taifa na misitu. Nenda na mtungi unaojazwa tena, ujaze Kibwezi au Kambu kabla ya kuiacha lami, na uangalie kifuniko chake: Krapf alipoteza sehemu ya maji yake kwa kizibo cha nyasi.