Ukoo wa Betri ya Tochi

Jioni mvua inaponyesha katika milima ya Kisii, na radi ikanguruma juu ya migomba na michai ya Marani, umeme huweza kukatika ghafula. Mwenye nyumba hupapasa gizani akaishika tochi yake ya kuchaji. Akiiwasha, nuru yake ni hafifu kama kaa linalozimika. Asubuhi yake hutwaa bisibisi akaifungua. Huitoa betri iliyochoka, akaweka mahali pake nyingine aliyoipata katika redio au simu mbovu, kisha akaunganisha nyaya. Huo ni werevu, msomaji, wala mimi siudharau. Lakini yafaa ujue kwamba betri, kama watu, zina koo zake. Na asiyejua ukoo wa betri aliyoishika huweza kujitia hatarini.

Betri ya kwanza iliundwa na Mwitalia Alessandro Volta. Katika mwaka 1800 alitangaza habari ya visahani vya madini mbili, kama zinki na shaba, vilivyopangwa kwa zamu na kutenganishwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Katika mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitumia risasi na tindikali, akapata betri ya kwanza iliyoweza kutiwa umeme tena baada ya kwisha. Katika mwaka 1866 Mfaransa mwingine, Georges Leclanché, aliunda betri ya zinki na manganizi, na miaka 20 hivi baadaye Mjerumani Carl Gassner akaitengeneza iwe kavu, isimwagike ikibebwa. Hapo ndipo ilipowezekana tochi ya mkono, ambayo David Misell alipewa hati ya uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1899. Mwaka huohuo Waldemar Jungner wa Sweden aliunda betri ya nikeli na kadmiamu. Betri ya lithiamu-ioni, iliyo mdogo wao, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1991.

Katika Afrika ya Mashariki ukoo wa Leclanché ndio uliotawala kwa muda mrefu, na watu wakaziita betri zake mawe. Kampuni ya Eveready East Africa iliundwa mwaka 1967, na kiwanda chake cha Nakuru kilitengeneza mawe hayo hata kilipofungwa mwaka 2014. Wazee wetu hawakuyatupa upesi. Waliyaanika juani, wengine waliyatoboa kwa msumari wakatia maji ya chumvi. Tochi iliwaka tena kidogo, na kulikuwa na sababu: joto huhimiza kazi ya kemikali, na maji huulainisha uji wa ndani uliokauka. Hata hivyo zinki iliyokwisha kuliwa hairudi. Jiwe lililokufa kabisa halikukosa kazi, kwa maana unga wake mweusi ulipaka mbao za shule nyingi.

Basi tuirudie tochi ya Marani. Tochi nyingi za bei nafuu za kuchaji zina betri ya ukoo wa Planté, yaani ya risasi, yenye volti 4. Betri hiyo haipendi kuachwa tupu. Ikikaa majuma mengi bila umeme, fuwele ngumu hufunika bamba zake za risasi, nayo hukataa kujaa. Mwenye tochi hutafuta badala, na hapa ndipo penye njia panda.

Akitia mawe matatu, kila moja lina volti 1.5, na jumla yake ni 4.5. Tochi itawaka vizuri. Lakini mawe hayakuumbwa kutiwa umeme. Mtoto akiichomeka ukutani bila kujua, yataweza kupata moto, kuvuja au kupasuka. Kwa hiyo fundi mwenye busara huikata kabisa njia ya kuchajia. Akitia betri ya lithiamu ya simu, hatari ni kubwa zaidi. Betri hiyo kwa kawaida haipaswi kuvuka volti 4.2, na chaja nyepesi ya tochi ya risasi haina chombo cha kuizuia inapojaa. Ikizidishiwa huvimba, na huweza kulipuka moto ndani ya nyumba watu wakiwa usingizini. Tena, katika tochi nyingi za namna hii umeme wa ukutani hufika hata nyaya za ndani. Aigusaye hali imechomekwa aweza kufa.

Na ile betri ya risasi iliyotolewa, iende wapi? Usiivunje wala usiiyeyushe. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto hasa, kwa kuharibu ubongo unaokua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika na sumu ya kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu. Walishinda kesi yao mwaka 2020, lakini mabishano ya sheria yaliendelea hata Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu mwaka 2024. Fedha ya fidia haiondoi risasi iliyokwisha ingia mwilini.

Sikwambii, msomaji, usiifungue tochi. Aliyeogopa kufungua hakuvumbua kitu, na Volta mwenyewe alianza kwa kujaribu. Lakini kabla ya kushika bisibisi, chomoa waya ukutani, kisha soma maandishi ya betri ujiulize: huyu ni wa ukoo gani? Ana volti ngapi? Akubali kutiwa umeme tena, au hakubali? Ukikosa jibu, mwulize fundi au mwalimu wako wa fizikia. Wahenga walisema kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza, na tochi haimulikii ndani yake yenyewe.