Mfuatano wa Balehe na Umri wa Mtoto katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Balehe huanzia ubongoni. Sehemu iitwayo haipothalamasi, iliyotulia tangu utoto wa mapema, huanza kutoa homoni kwa vipindi, kwanza usiku mtoto akiwa amelala, baadaye mchana pia. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, nayo humwaga homoni za LH na FSH kwenye damu. Hapo ovari za msichana huanza kutoa estrojeni, na korodani za mvulana testosteroni. Tezi za adrenali zilizo juu ya figo hufuata njia yao na hutangulia, mara nyingi kati ya miaka 6 na 8. Kwa hiyo harufu ya kwapa, inayotokana na homoni za tezi hizo, kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu si ushahidi kwamba balehe yenyewe imeanza.

Kwa msichana, dalili ya kwanza kwa kawaida ni kibonge kidogo chini ya chuchu, kati ya miaka 8 na 13. Huuma kikiguswa, na mara nyingi hutokea upande mmoja kwanza, jambo linalowatia akina mama hofu bure. Kurefuka kwa kasi huanza mapema, na hedhi ya kwanza huja karibu na mwisho, takriban miaka miwili au zaidi kidogo baada ya kibonge hicho. Msichana anapovunja ungo, sehemu kubwa ya kurefuka kwake imekwisha kupita.

Kwa mvulana, korodani hukua kwanza, kati ya miaka 9 na 14, ndipo hufuata mavuzi, kukua kwa uume, ndoto nyevu na sauti nzito. Kasi yake ya kurefuka huchelewa kwa karibu miaka miwili, ndiyo maana katika darasa la sita la shule ya Ilemela au Sengerema, mkoani Mwanza, wasichana wengi huwapita wavulana kimo. Wavulana wengi huvimba matiti kwa muda, kisha uvimbe huo hutoweka wenyewe. Kinachofunga ukuaji wa mifupa kwa jinsia zote mbili ni estrojeni, kwa kuwa mwili wa mvulana hugeuza sehemu ya testosteroni yake kuwa estrojeni.

Daktari Mwingereza James Tanner, pamoja na William Marshall, alieleza mfuatano huu kwa hatua tano katika machapisho ya 1969 na 1970. Mfuatano wenyewe hautofautiani sana kati ya nchi na nchi. Kinachotofautiana ni wakati wa kuanza. Hapo ndipo Kanda ya Ziwa nchini Tanzania inapohitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu umri peke yake ni kipimo dhaifu cha afya ya kijana wa huko.

Ubongo hauruhusu balehe iendelee bila akiba ya kutosha ya nguvu mwilini. Seli za mafuta hutoa leptini, na homoni hiyo huupa ubongo habari ya akiba hiyo. Dagaa wanaoanikwa Kayenze na Igombe, kwa kuwa huliwa wazima, humpa kijana protini na kalsiamu. Lakini chakula kizuri hakitoshi pale malaria, minyoo na kichocho vinapomaliza damu yake. Ugonjwa wa selimundu, ambao Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yanayoathirika nao zaidi nchini, huchelewesha balehe kwa mwaka mmoja au miwili, wakati mwingine zaidi. Mvulana wa miaka 15 mwenye selimundu ambaye sauti yake bado ni ya kitoto hastahili kuchekwa wala kupewa dawa za nguvu, anastahili kupimwa.

Kichocho kina mkanganyiko wake, na huu ni mzito. Kile cha tumbo huenezwa na konokono wa ufukweni mwa ziwa. Kile cha mkojo hupatikana zaidi kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga ya bara, kama Misungwi na Kwimba. Cha mkojo huleta damu kwenye mkojo, na kinaweza kuleta vidonda na damu ukeni. Kwa msichana wa miaka 10, damu hiyo hudhaniwa kirahisi kuwa ni hedhi, na mtoto mgonjwa akapewa pedi badala ya prazikwanteli, dawa ya kichocho. Mfuatano wa balehe ndio unaotoa jibu: damu inayoonekana kabla matiti hayajaanza kuota haielekei kuwa hedhi, na mtoto huyo apelekwe kituo cha afya.

Mbali na kosa hilo la kudhani damu ya kichocho ni hedhi, kosa la pili ni kuona mwili umebadilika na kuhesabu kwamba utu uzima umefika. Baada ya kuvunja ungo, nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa. Katika miaka ya mwanzo yai halipevuki kila mwezi, lakini mimba inaweza kuingia, na uzazi wa umri huo huongeza hatari ya uchungu pingamizi na fistula. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya maamuzi, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu vilivyoruhusu hilo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Kibaiolojia, msimamo wa mahakama una msingi imara: hedhi ya kwanza huonyesha tu kwamba mnyororo wa homoni umeanza kufanya kazi, huku mifupa na ubongo vikiwa bado vinajengwa.