Safu ya lugha: Geti kali

Mitaani Dar es Salaam, aliyekulia kwenye neema ana majina mawili, nayo si pacha. Ukimwita "wa kishua" umetaja hela: nyumba ya Masaki au Oysterbay, kiyoyozi, gari la kumpeleka shule. Ukimwita "mtoto wa geti kali" umetaja kufungiwa.

Sarufi yake inanifurahisha. Kali ni geti, si mtoto. Mtoto mwenyewe huwa mpole, hajui kugombania daladala, na akipewa kachori za barazani huuliza kwanza nani kazipika. Ukali huo, nahisi, ulitoka kwenye kile kibao cha "Mbwa mkali" ukahamia kwenye chuma. Tena, nyumba ni nyingi lakini husikii "watoto wa mageti makali". Wote wamepewa geti moja.

Siku hizi msemo umeshuka bei. Binti wa Manzese ambaye mama yake hataki kumwona nje baada ya magharibi naye ni wa geti kali, hata kama mlangoni kwao pana pazia tu. "Kishua" haijakubali kushuka hivyo: ukali wa mama haumfanyi mtu kuwa wa kishua.

Nairobi, wasemaji wa Sheng wana "babi", wingi "mababi". Huyo hutambuliwa kwa Kiingereza chake na kwa Sheng inayochechemea. Geti halitajwi, ingawa Karen na Lavington mageti yamejaa tele.