Kitufe kichwani: toka taa ya mgodini mpaka miwani yenye kamera

Mchimbaji wa chini ya ardhi hawezi kuiona taa yake mwenyewe. Iko kwenye kofia, juu ya macho, na mikono yake imejaa glavu, matope na chombo cha kazi. Kila aliyetengeneza taa hiyo alipaswa kujibu swali moja: kidole kitajuaje mahali pa kugusa? Leo swali hilo limewarudia watu wanaotengeneza miwani yenye kompyuta na kamera ndani yake. Na jibu lao linawahusu hata wale ambao hawatainunua kamwe.

Kazi hiyo ya gizani inajulikana vizuri huku. Kipushi, kilometa kama 30 toka Lubumbashi, watu walishuka chini kutafuta shaba na zinki wakati wa Union Minière, kompani iliyoundwa mwaka 1906, kisha wakati wa Gécamines. Mgodi ulisimama mwaka 1993, na zinki ikaanza kutoka tena mwaka 2024.

Kabla ya taa za umeme, migodi mingi ya madini duniani ilitumia taa ya kabidi, lile jiwe ambalo mafundi wa kuchomelea chuma wanalitilia maji ili kupata gesi. Chini ya taa kulikuwa na jiwe, juu maji. Kijiti kidogo cha kuzungusha kilipima matone: maji yakizidi, gesi inazidi, na mwali unakuwa mkubwa. Kijiti kilipita kwenye alama za meno, na kidole kiliweza kuzihesabu gizani. Kuwasha vilevile hakukuhitaji macho. Mchimbaji alifunika kioo cha taa kwa kiganja mpaka gesi ijae, kisha akavuta kiganja kwa nguvu juu ya gurudumu la cheche, mlio ukasikika, moto ukashika.

Karibu mwaka 1914, huko Marekani, Thomas Edison alisaidia kuleta taa ya umeme: batri kwenye mkanda wa kiuno, waya mpaka kwenye kofia. Taa za namna hiyo zilikuja kuwa na swichi kubwa, inayogeuka hata mkono ukiwa na glavu nene. Na jambo la maana ni kwamba taa ikiwaka, kila mtu aliye mbele anaiona. Hakuna siri.

Siri ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1961 walimu wawili wa chuo cha MIT, Edward Thorp na Claude Shannon, walipeleka Las Vegas kompyuta ndogo ya kuvaa mwilini, ukubwa wa pakiti ya sigara. Ilikuwa ya kukisia kipira cha ruleti kitaangukia wapi. Vitufe vyake waliviweka ndani ya kiatu, vikabonyezwa kwa vidole vya mguu. Jibu lilifika kama sauti za muziki kwenye sikio la mwenye kucheza. Kwa nini kiatuni? Kwa sababu wenye nyumba ya kamari hawakupaswa kujua. Mwaka 1985 jimbo la Nevada lilikataza vyombo kama hivyo.

Basi tangu mwanzo kulikuwa na njia mbili: kitufe ambacho mwenzako anaona ukikigusa, na kitufe cha kumficha.

Google Glass, iliyotoka mwaka 2013 kwa dola 1500, ilijaribu zote mbili. Ubavuni mwa kulia kulikuwa na sehemu ya kupapasa kwa kidole, na juu yake kitufe cha kamera. Mwisho wa mwaka huohuo ikaongezwa namna ya kupiga foto kwa kukonyeza jicho tu. Mabaa kadhaa ya Marekani yalishaikataza miwani hiyo, na Januari 2015 kuiuzia raia wa kawaida kukasimamishwa. Kukonyeza kuliwarahisishia waliovaa, lakini waliokaa mbele yao hawakupata alama iliyo wazi.

Waliofuata walirudia kitufe cha kweli. Miwani ya Ray-Ban Meta ya mwaka 2023 ina kitufe cha kamera juu ya mkono wa kulia. Mahali hapo panafaa: kitufe kikiwa ubavuni, ukikibonyeza unasukuma miwani usoni, kikiwa juu, kidole kinabonyeza na gumba linashikilia chini. Tena sehemu ya kupapasa haitofautishi vizuri amri na mtu anayesogeza miwani au kufunga kitambaa. (Na ndani ya batri ndogo za namna hii kwa kawaida kuna kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia inatoka Kolwezi na jirani zake.)

Kwa wahami jambo hili si mchezo. Familia iliyokimbia Mitwaba au Pweto inaweza kuwa na sababu nzuri ya kutotaka uso wake na mahali inapolala vionekane kwenye telefone za watu. Anayeinua telefone, kila mtu anamwona. Anayepeleka mkono kwenye miwani bado anaonekana, kidogo. Lakini Septemba 2025 Meta ilitoa miwani inayoongozwa na mkanda wa mkononi, ambao unasoma umeme wa misuli. Kidole kinagusa gumba huku mkono unaning'inia tu.

Hapo inabaki taa nyeupe iliyo kwenye pembe ya fremu, ng'ambo ya kamera: inawaka mtu anapopiga foto au video. Mwaka 2021 wasimamizi wa Italia na Irlandi waliuliza kama taa hiyo inaonekana vya kutosha. Ile ya 2023 ikafanywa kubwa zaidi, na kamera inakataa kazi taa ikifunikwa. Lakini mwaka 2025 waandishi wa habari wa Marekani walimkuta fundi anayeizima kwa malipo.

Katika inchi yetu, kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya siri ya kila mtu, na sheria ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumzia ruhusa ya mtu kabla ya habari zake kuchukuliwa. Mama aliye kwenye foleni ya unga anaweza kumwomba mgeni avue miwani kwanza, ndipo waongee.